Siku mbili Amu: makumbusho kwanza, afu Matondoni, na upange kwa maji

Watu wengi wakija Lamu wanafanya hivi, wanashuka Mokowe, gati ya upande wa bara, wamechoka na basi, wanalala, asubuhi wanapiga picha na punda pale mbele ya ngome, wanachukua boti mpaka Shela wanaogelea, jioni wanasema basi Lamu nimeimaliza. Mimi ni wa Malindi lakini mamangu ni mtu wa Amu, ndivyo wenyewe wanavyoiita Lamu, kwa hivo huko nimekuwa nikienda tangu utotoni, na kila mgeni ninayempeleka nampitisha njia moja tu: kwanza makumbusho, pale kwenye vyombo vya bahari, halafu kijiji cha Matondoni ambako vyombo vyenyewe mpaka leo vinaundwa kwa mkono. Na iwe kwa mpango huo huo. Ukianza na Matondoni utaona mbao na watu wanagonga nyundo, utapiga picha tatu uondoke. Ukipita makumbusho kwanza utafika kule unajua mkuku ni upi na taruma ni lipi, utauliza swali la maana, na fundi akisikia swali la maana anaweka nyundo chini anakueleza.

1. Angalia mwezi kabla hujakata tiketi

Hii ndio hatua inayorukwa na kila mtu na ndio kubwa kuliko zote. Kule kila kitu kinaenda na maji. Bahari inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku inachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ni bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti inafika karibu mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, yanapanda kidogo na kushuka kidogo.

Sasa shika hii: kwa pwani yetu siku za bamvua maji yanajaa alfajiri kwenye saa 10 au 11, yanajaa tena alasiri saa hizo hizo, na katikati hapo, saa 4 au 5 asubuhi, yamepwa kabisa. Siku za maji mafu ni kinyume, yanajaa saa 4 au 5 za asubuhi. Mlango wa kuingilia Matondoni ni mkondo katikati ya mikoko, na maji yakipwa unabaki tope tupu. Kwa hivo ukija wakati wa bamvua boti yako ondoka nayo saa 8 mchana maji yakiwa yanapanda, na urudi kabla ya magharibi. Ukija wakati wa maji mafu ondoka saa 2 asubuhi uwe umerudi saa 7. Makumbusho hayana shida, yaweke siku ya kwanza uliyofika au asubuhi ile maji yapo nje.

Nasema haya kwa uchungu kidogo. Kuna mwaka nilimpeleka mamangu na shangazi yangu, tukachelewa kwa kifungua kinywa, nahodha akasema mai yapwa haya, tungoje jioni, nikamwambia twende tu tutawahi. Hatukuwahi. Tulikwama tope katikati ya mikoko karibu saa 3 nzima juani, maji ya kunywa chupa moja watu wanne, mamangu na umri wake amefunika kichwa kwa leso hasemi neno. Tangu siku hiyo nahodha akisema ngoja, nangoja.

Na usidhani ni sisi wageni tu yanatupata. Mwanzoni mwa karne ya 19 watu wa kisiwa jirani cha Pate wakishirikiana na Wamazrui, watawala wa Mombasa, walikuja kuipiga Amu, wakashuka Shela na majeshi yao, wakashindwa, na waliporudi mbio kwenye vyombo vyao wakavikuta vimekaa mchangani, maji yamepwa. Wengi waliishia pale pale ufukweni. Hivyo ndivyo Vita vya Shela vinavyosimuliwa hadi leo, na ngome unayoiona mjini ilimalizwa baada ya vita hivyo, mwaka 1821.

2. Safari

Hapa nitapita haraka. Kutoka Malindi unachukua basi la asubuhi, Garsen, Witu, mpaka Mokowe, njia inapita kilomita 200 na ina vizuizi vya polisi kwa hivo kitambulisho kiwe mfukoni, usikifungie kwenye begi lililo chini ya basi. Mokowe unapanda boti kuvuka. Waliopanda ndege wanashukia kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mji, na wao pia wanamalizia kwa boti. Ukiambiwa uvae jaketi la kuelea vaa, na usipoambiwa omba.

Kwa wanaopitia Malindi na wana nusu siku, pitieni ile nguzo ya Vasco da Gama na lile kanisa dogo la Wareno, kwa sababu alifika Malindi mwezi wa 4 mwaka 1498 akapewa rubani wa kumvusha mpaka India, na hilo lenyewe linakuonesha watu wa pwani hii walikuwa wanajua bahari kiasi gani kabla yeye hajaja.

Mavazi: mji wa Waislamu, vaeni nguo za stara, magoti na mabega yafunikwe, nguo ya kuogelea ni ya ufukweni Shela peke yake. Viatu beba ndala au makubazi ya kuvuliwa haraka maana utakanyaga maji wakati wa kushuka botini. Ukiingia mahali salimia kwanza. Asalaam aleikum inafungua milango mingi, mtu mzima wa kiume mwite ami au mzee, fundi mwite fundi, mama mtu mzima mpe shikamoo yake. Ijumaa mchana usipange kitu, watu wako msikitini.

3. Makumbusho ya Lamu

Ni ile nyumba kubwa nyeupe inayotazama bahari, mbele kabisa, ya mwisho wa karne ya 19, walikuwa wanakaa watawala wa Kiingereza zamani za ukoloni. Iko chini ya Makumbusho ya Taifa. Uwe na pesa kwenye simu, siku hizi malipo ya sehemu za serikali yanaenda kwa simu na si noti. Mkenya analipa chini ya mgeni kwa hivo toa kitambulisho. Nenda asubuhi mapema kabla makundi hayajafika.

Usianze kuzunguka ovyo. Nenda moja kwa moja kwenye vyombo vya bahari. Kuna mifano midogo ya vyombo vya pwani hii, na mtafute mtepe. Simama hapo. Huu ndio uliokuwa ukiundwa na Wabajuni na watu wa visiwa hivi kabla ya jahazi kushika njia, na haukuwa na msumari hata mmoja, mbao zote zimeshonwa kwa kamba za usumba, yani nyuzi za kumbi la nazi, kama vile unavyoshona kitambaa. Tanga lake ni mkeka wa mraba. Omo yake imechongwa mfano wa shingo na kichwa cha ngamia, na wazee husema ni kumbukumbu ya ngamia wa Mtume. Ukiinama karibu uone ule mshono, kamba inapita tundu, inarudi, inakaza, tundu linazibwa kwa kijiti. Mitepe ya kweli ilipotea baharini mwanzoni mwa karne ya 20. Mimi kila nikisimama pale nafikiria mikono iliyosokota kamba za chombo kizima, na kwamba kilipopigwa na mawimbi kiliweza kujipinda kidogo bila kupasuka kwa sababu kamba inalegea na msumari haulegei.

Halafu geukia jahazi na mashua, na hapa fanya kazi ya shule kidogo, jifunze maneno haya kabla hujaondoka maana ndiyo utakayoyasikia Matondoni:

omo ni mbele, tezi ni nyuma. Mkuku ni ule uti wa mgongo wa chini ambao chombo kizima kinakaa juu yake. Mataruma ni mbavu. Mlingoti unaujua. Foromali ni lile boriti refu linalobeba tanga, na demani ni kamba ya kulivuta tanga nyuma lishike upepo. Jahazi la Amu utalijua kwa omo yake iliyosimama wima, na pale ubavuni mwa omo kuna macho mawili ya mbao ya duara yamepakwa rangi, wengine huweka mwezi na nyota. Chombo kina macho ili kione njia, ndivyo tulivyoambiwa tukiwa wadogo.

Ukishamaliza hapo ndio uende kwenye siwa, yale mabaragumu makubwa ya sherehe. Ziko mbili, ya Pate ni ya pembe za ndovu, ya karne ya 17, ni ndefu kumshinda mtu mzima, na ya Amu ni ya shaba. Zilikuwa zinapulizwa kwenye harusi na sherehe za wakubwa, asiye na nasaba hapulizwi siwa. Kwenye habari za Pate inasimuliwa kuwa Mwana Darini alinyimwa siwa ya mji kwa sherehe ya mwanawe, yule mama hakulia wala hakubembeleza, alimwita fundi Mwenyi Bayayi akamchongea yake ya pembe. Nikiwa na watoto hapa ndipo wanapotulia.

Saa moja na nusu inatosha, mbili ni nzuri zaidi.

4. Ukibaki na muda mjini

Ngome iko hatua chache, pale Mkunguni, ilikuwa jela mpaka 1984 na sasa ni mahali pa maonesho. Nyumba ya Kiswahili ni ndogo lakini mimi naipenda kuliko ngome, ni ya karne ya 18, utaona zidaka, yani vishubaka, zimepangwa ukutani safu juu ya safu na birika la maji ambamo walikuwa wanafuga visamaki vile vya kula viluwiluwi vya mbu. Posta ya Wajerumani iko Usita wa Mui, walikuwa na posta yao hapa 1888 mpaka 1891 kwa ajili ya mambo yao ya Witu, usultani wa bara uliokuwa chini ya ulinzi wao. Mji mzima uliwekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, lakini tembea ukijua kuwa watu wanaishi humo, hizo daka mbele ya nyumba ni za watu kukaa jioni, usiende kujipigia picha kwenye daka la mtu bila kuomba.

Mchana kula wali wa nazi na samaki wa kupaka, maji ya ukwaju baridi. Basi.

5. Mtafute nahodha jioni ya siku moja kabla

Nenda gatini baada ya alasiri, usiende asubuhi ile ile ya safari. Watakuja wengi kukuita, wasikilize kwa heshima, ila ulizia nahodha wa mashua ya tanga kama una muda, au ya injini kama huna. Mkubaliane mambo manne kabla hujalala: bei ya chombo kizima (si ya kichwa), kwenda na kurudi, muda wa kukaa kijijini, na maji yanajaa saa ngapi. Hili la nne muulize yeye hata kama umeshaliangalia kwenye simu. Nahodha anayejua kazi hatafakari, atakwambia kesho maji makuu saa kumi unusu, tutoke saa nane. Anayebabaika muage uende kwa mwingine. Malipo, nusu ibaki mpaka mkirudi.

Kuna njia ya nchi kavu pia, kwa miguu ni karibu saa 2 katikati ya mashamba ya minazi na miembe, au upande punda au boda. Hiyo ni sawa kwa wanaoogopa maji. Lakini kama unaweza, ingia Matondoni kwa bahari kama vile vyombo vyenyewe vinavyoingia, mikoko pande zote mbili, kimya, injini ikizimwa unasikia kaa wanavyokwaruza mizizini.

Na jambo moja la pepo. Kaskazi ni kuanzia mwezi wa 12 mpaka wa 3, bahari tulivu, hapo ndio safari nzuri. Kusi linaanza mwezi wa 4 na mvua zake, katikati ya mwaka linavuma kwa nguvu. Mkondo wa Matondoni umekingwa na kisiwa kwa hivo unaweza kwenda hata kusi, ila utalowa.

6. Matondoni

Mkishuka msikimbilie vyombo. Kwanza salimu, muulizie fundi, muombe ruhusa ya kutazama na ya kupiga picha. Ni kazi ya watu ile, na shoka halina breki.

Halafu tafuta chombo kilichofikia hatua ya mataruma, maana hapo ndipo utaelewa jinsi wanavyounda. Mkuku umelazwa chini, mara nyingi ni mbambakofi kwa sababu ni mti mzito hauli maji haraka, mbavu zimesimama pande mbili kama samaki aliyekwishaliwa. Angalia hizo mbavu, hakuna aliyezikunja kwa moto wala mashine. Fundi anakwenda kutafuta mti uliojikunja wenyewe, tawi lenye shingo ile ile anayoitaka, anakata hapo. Hakuna karatasi ya ramani. Nilimuuliza fundi mmoja wa makamo kipimo kiko wapi, akaweka kiganja chake juu ya ubao, akakisogeza polepole kutoka omo kwenda tezi, akasema hapa panakataa. Akachukua tezo akachonga vipande vitatu vyembamba kama maganda ya kitunguu, akapapasa tena, akatikisa kichwa, akaendelea. Mimi kwa jicho langu sikuona tofauti yoyote.

Ukibahatika kukuta kalafati, kaa chini utazame mpaka mwisho. Fundi anachukua pamba, anaisokota juu ya paja iwe kamba nyembamba ndefu, anaichovya mafuta, anaiweka kwenye ufa kati ya mbao mbili, halafu kwa patasi butu na nyundo anaishindilia ndani, tak tak tak, sauti ikiwa nyepesi pamba haijashika, ikiwa nzito imeshika. Kwa hivo kazi ile wanaifanya kwa sikio. Wakiwa wawili mmoja huku mmoja kule unasikia kabisa wanajibizana. Baadaye chini ya chombo hupakwa deheni, shahamu iliyochanganywa na chokaa, kuzuia wadudu wanaotoboa mbao. Kumbuka mtepe ulioona jana au asubuhi, ule ulishonwa na huu una misumari, lakini ufa ni ule ule na maji ni yale yale yanayotaka kuingia.

Maswali mazuri ya kumuuliza fundi: mti huu umetoka wapi, chombo ni cha nani na kitafanya kazi gani, na siku ya kushua itakuwa lini. Kushua ni kukiingiza chombo majini mara ya kwanza, na hufanywa siku za bamvua kwa sababu maji yanapanda juu zaidi, kijiji kizima kinavuta kamba na kuimba, kunapikwa. Ukisikia kuna kushua ndani ya siku zako badilisha ratiba yote uende.

Usiulize kwa nini hawatumii faiba. Wanalijua swali hilo. Kazi ni chache kuliko zamani, miti imekuwa ghali, vijana wengine wameenda kwenye boti za injini, na wakikueleza wenyewe sikiliza, lakini usianze nalo wewe. Ukitaka kuzungumzia mambo mapya zungumzia Flipflopi, lile dau la plastiki iliyookotwa ufukweni lililoundwa Lamu na kushuliwa 2018, mwaka uliofuata likasafiri kwa tanga mpaka Zanzibar. Mkono ule ule wa mafundi wa mbao ndio ulioliunda, na kila mtu ana maoni yake juu yake, mtaongea mpaka nahodha awaite.

Mkimaliza mpe fundi kitu, hata kama hakuomba. Umemkalisha saa nzima na kazi yake hulipwa kwa chombo kinachosonga.

7. Kabla hamjapanda boti, mkeka

Wanawake wa Matondoni wanasuka, na wengi hawauzi mjini wenyewe, wachuuzi huja kununua kwao kwa bei ndogo, kwa hivo ukinunua pale pale mlangoni pesa yote inabaki kwa aliyesuka. Omba kuonyeshwa ukili, ule utepe mrefu unaosukwa kwanza, unaviringishwa kama gurudumu, ndipo unashonwa ubavu kwa ubavu kuwa mkeka. Pindua mkeka uangalie nyuma, mishono ikiwa karibu karibu na imenyooka huo utadumu nao mpaka uzeeke. Vuta kidogo ukingoni, usiwe na sauti ya kukatika. Rangi paka kidole chenye mate, ikitoka kidoleni itatoka na kwenye nguo. Bei ongea kwa upole, punguza kidogo tu, mkeka mmoja ni kazi ya wiki nyingi kati ya kupika na kulea.

Kuubeba: uviringishe, rangi iwe ndani, ufunge kwa kamba sehemu tatu, na botini uuweke tezi karibu na nahodha maana omo ndiko maji ya chumvi yanakorukia. Kwenye basi usikubali uende chini na mizigo, simamisha kando ya kiti chako. Ukifika nyumbani uanike kivulini siku moja kabla ya kuutandika.